Mkia wa Sauti ya Mzee Maige

Niseme mapema usije ukakaa roho juu bure: katika habari hii hakuna aliyekufa, na aliyekosewa alisamehe. Lakini kwa saa kadhaa za Alhamisi moja, Dorcas wa Butimba aliamini kwamba amefuta maneno ya mwisho ya mtu ambaye bado yu hai. Kama hujawahi kuamini kitu cha namna hiyo kuhusu nafsi yako, mshukuru Mungu wako kisha tuendelee.

Dorcas alikuwa na studio. Usifikirie jengo. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la daftari na kalamu, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro ili mwangwi usisumbue, mlango umevalishwa blanketi. Humo alirekodi kwaya, matangazo ya maduka, risala za harusi, na wazee wenye historia ndefu kuliko subira ya wajukuu wao. Kazi yake ilikuwa safi, hilo hata waliomwonea gere walilikubali, na usafi wenyewe ulionekana kwenye ncha mbili, mwanzo na mwisho. Sauti iliyopita mikononi mwa Dorcas haikuanza kwa kukurupuka. Ilitoka kwenye kimya ikapanda taratibu mpaka ikakaa masikioni. Mwishoni ikashuka vilevile, ikafifia, ikafifia, usijue hata imekwisha saa ngapi. Mafundi wengine waliona hayo ni mapambo. Dorcas aliona ni adabu, akiwaambia wateja kwamba sauti nayo ni mgeni, lazima ipige hodi na iage.

Sasa, kuaga kwake kulikuwa kwa mtindo mmoja tu. Aliupika mwenyewe miaka mingi iliyopita: sauti inaporomoka haraka mwanzoni, halafu inajikokota chini chini hadi kwisha. Akauhifadhi kwenye kompyuta kwa jina lake mwenyewe. Kazi ikifika mwisho, alivuta mstari kuanzia neno la mwisho hadi tamati ya rekodi, akabofya mara moja, basi. Iwe kwaya, iwe tangazo la sabuni, shusha ile ile. Kiburi cha fundi hicho, na ndicho kilichomponza.

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, Modesta alisukuma lile blanketi akaingia bila hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mabega yametanuka kwa kupiga kasia, maana alifuga samaki kwenye vizimba ziwani, upande wa Igombe. Keshokutwa yake, Jumamosi, ilikuwa sendofu yake. Mtu anayeagwa na ukoo keshokutwa huwa na nywele zilizosukwa na uso uliopakwa. Wa Modesta ulikuwa umevimba macho.

"Dada Dorcas, shikamoo."

"Marahaba. Vipi, bibi harusi, mbona hivyo?"

"Nina swali moja tu, na naomba usinifiche. Ule ujumbe wa baba. Baada ya kuwaaga wageni, alisema nini kingine?"

Dorcas akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta muda. "Baada ya kuaga mtu husema nini tena? Aliaga, akamaliza, nikamsindikiza."

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, vinginevyo utamwona Modesta anadeka.

Baba yake, Mzee Maige, ni mfugaji wa Usagara, mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Huyu binti ndiye mtoto wake wa pekee, na mama yake alikwisha kutangulia. Mzee aliuza mafahali wawili akampeleka chuo cha ualimu. Mwaka wa pili, Modesta akaacha. Akasema darasa linambana kifua, akaenda kuweka vizimba ziwani. Mzee alisema neno moja mbele ya ukoo, kwamba alisomesha mwalimu akaletewa mvuvi, halafu akafunga kinywa. Miaka minne hakumsemesha. Akiwa na la kumwambia alimtuma Mayala, mtoto wa kaka yake, na Modesta alijibu kwa Mayala huyo huyo. Mayala ni mtu mzima mwenye gari na shughuli zake, lakini kwa miaka minne alikuwa simu ya watu wawili.

Kisha mzee akaota kitu kooni. Madaktari wakamweleza waziwazi kwamba watakiondoa, ila na kisanduku cha sauti kitakwenda nacho. Ataishi, ila hatasema tena. Na Modesta alikuwa amekwisha kuchumbiwa na Venant, kijana wa Bukoba, tarehe zimepangwa. Kwa watu wengine sendofu ni keki na muziki. Kwa ukoo wa Maige, binti hatoki nyumbani mpaka baba atamke kwa kinywa chake kwamba hana neno naye. Asipotamka, binti anaondoka na kinyongo cha baba mgongoni, na hakuna mtu pale Usagara atakayempigia vigelegele kwa moyo mweupe. Kwa hiyo siku moja kabla ya kupasuliwa, mzee alimwambia Mayala ampeleke kwa yule mama wa mashine, akaweke sauti yake. Hakusema anakwenda kuweka nini.

Alipasuliwa salama. Wiki tatu baadaye alikuwa nyumbani, anakunywa uji, kitambaa shingoni. Dorcas naye akatuma ile rekodi kwenye simu ya Modesta, imesafishwa, imepandishwa mwanzo, imeshushwa mwisho.

Na ndani yake hamkuwa na neno hata moja la Modesta.

Mzee aliwasalimu wakwe. Aliuliza mvua za Bukoba. Alitaja ng'ombe watakaochinjwa kwa rangi zao. Aliwashukuru majirani, mchungaji, na aliyekopesha viti. Akasema, "Haya, mimi nimemaliza, kwaherini." Sauti ikashuka, ikafifia, kimya.

"Nimesikiliza mara kumi na moja," Modesta alimwambia Dorcas. "Nikaenda kwake. Nikamwuliza, baba, na mimi je? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akachukua simu, akaigonga kwa kidole, akaniwekea sikioni. Nikamwambia humu hamna. Akachukua daftari akaandika, nilisema. Nikamwomba basi aniandikie hapo hapo alichosema. Akakataa. Akaandika kwamba karatasi ni ya kuuzia pamba, lile lilishasemwa kwa mdomo."

"Labda alimaanisha zile salamu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kama ni zile salamu tu, basi baba yangu aliingia humu na sauti yake ya mwisho akaimaliza kwa kusifia viti. Nitajua hana la kuniambia. Na Jumamosi sitakaa kwenye kile kiti kilichopambwa nikajifanya nimeagwa. Wakwe wako njiani, nitawaambia ukweli."

Dorcas akajikuta amekasirika. Watu wengi wakiogopa hukasirika kwanza. Akamwambia kwamba yeye hakati maneno ya watu, kazi yake inajulikana mji mzima, na kama mzee hakusema, mashine itayatoa wapi. Akafungua kompyuta kwa kishindo ili amwonyeshe. Kwenye kioo ikatokea ile michoro ya sauti, milima na mabonde ya maneno ya Mzee Maige, na baada ya "kwaherini" mstari mwembamba ulionyooka kwenda kulia. Akauonyesha kwa kidole.

"Unaona? Hapa amemaliza. Huu ni mkia tu, kelele za viti na viatu."

"Mkia mrefu hivyo?"

Ulikuwa wa dakika moja na nusu. Dorcas akautazama, na kumbukumbu ya siku ile ikamjia vizuri mno.

Mzee alisema kwaherini. Yeye Dorcas akavua hedifoni zake, akazitundika msumarini, akatoka nje kumtafuta Mayala aliyekuwa amejificha kivulini na gari lake, maana mgeni mgonjwa hawezi kuachwa asimame kwenye jua. Ni heshima, nani angefanya vingine? Mashine aliiacha inazunguka. Aliporudi, mzee alikuwa bado amekaa pale pale mbele ya maiki, kofia mkononi, ametulia. Akamsindikiza hadi garini. Jioni alipokuja kusafisha rekodi, alisikiliza mpaka kwaherini, akavuta mstari hadi mwisho, akabofya. Ule mkia hakuusikiliza. Viti na viatu, vya nini?

Na huyu Dorcas ni Msukuma, tena wa kuzaliwa. Hapo ndipo hata mimi ninayesimulia huwa nakereka. Babu yake mzaa mama alikuwa mtu wa namna ile ile ya Mzee Maige. Wazee hao wakija kwako na jambo, watakusalimu mpaka uchoke, watauliza mvua na mifugo, watakunywa chai, wataaga. Watashika fimbo. Wakisha kuaga, wakiwa nusu ndani nusu nje, ndipo wanalisema lile lililowatoa nyumbani. Jambo zito kwao halianzi mpaka maneno mepesi yameondoka. Dorcas alilijua hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Lakini alipokaa mbele ya kompyuta, akawa mtu wa kompyuta.

Akafungua droo, akatoa memori kadi ya kirekodi alichomrekodia mzee. Alijua tayari, lakini akaichomeka. Kwaya. Nyimbo kumi na mbili za kwaya ya Buswelu, zimekaa juu ya kila kitu. Na kwenye kompyuta, rekodi ile aliihifadhi juu ya yenyewe baada ya kuishusha, kama alivyozoea.

Angeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo, maana Dorcas alilijua. Modesta hakuelewa michoro ile. Kusema "ni viti na viatu" kungetosha, mlango ukafungwa, na lawama yote ikabaki kwa mzee asiye na sauti ya kujitetea. Alimtazama Modesta, macho yale yaliyovimba, akashindwa.

"Kaa chini, mdogo wangu," akasema. "Nimekukosea."

Akamweleza yote. Kutoka nje, hedifoni msumarini, kubofya bila kusikiliza, kadi ya kwaya. Hakujipunguzia. Modesta alisikiliza mikono imelala mapajani. Dorcas alipomaliza, alisubiri atukanwe, na angependa atukanwe, maana kingekuwa kitu cha kufanya.

"Kwa hiyo kuna kitu alisema," Modesta akasema polepole.

"Sijui. Alikaa peke yake na maiki dakika nzima na zaidi. Sijui kama alisema."

"Yeye anasema alisema."

"Ndiyo."

"Basi kitafute."

"Modesta, nimekishusha. Kimekwisha."

"Umekifuta au umekishusha?"

Swali la mtu asiyejua fani lina faida yake, linakwenda moja kwa moja. Kwa miaka kumi na tano Dorcas alikuwa akisema kushusha na kumaliza kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Sauti iliyoshushwa haijatolewa. Imefanywa ndogo. Ndogo mpaka spika haiisemi na sikio haliisikii, lakini kwenye lile faili kubwa, lile ambalo hakulipunguza uzito kwa ajili ya simu, bado imo, imejikunyata chini kabisa. Na kuna mtu mmoja tu duniani aliyejua imeshushwa kwa kiasi gani kila sekunde, maana mtindo ulikuwa wake na haukubadilika hata siku moja. Kilichoshushwa kwa kipimo kinaweza kupandishwa kwa kipimo hicho hicho. Kiburi kilichomponza sasa kikawa ndiyo njia yake ya kutokea, na hakuwa na muda wa kukionea aibu.

"Usiondoke," alimwambia Modesta, ambaye hata hakuwa na nia ya kuondoka.

Alinakili lile faili mara tatu, safari hii hakutaka mchezo. Akaukata mkia vipande tisini, kila kimoja sekunde moja. Kipande cha kwanza akakipandisha kidogo tu. Cha pili zaidi. Cha tatu zaidi. Kila sekunde aliipigia hesabu kwenye karatasi, kiasi alichoshusha, kiasi cha kurudisha, na kadiri alivyokwenda mbele namba zilizidi kuwa kubwa, na pamoja na sauti ikapanda mivumo: feni ya duka la jirani, umeme wa ukutani, pumzi ya chumba chenyewe. Kufika saa sita mchana alikuwa amepandisha vipande thelathini, na kwenye hedifoni kulikuwa na mvumo kama mvua ya mawe kwenye bati.

"Unasikia nini?" Modesta aliuliza kila baada ya dakika tano.

"Viatu vyangu natoka. Mlango. Kikohozi."

"Cha nani?"

"Cha baba yako."

Aliporudi nyuma kwenye kipande cha kumi na tisa na kukisikiliza mara ya pili, Dorcas alishika hedifoni kwa mikono yote miwili. Chini ya ule mvumo kulikuwa na mtu anazungumza. Maneno hayakushikika, ila mdundo wake ulikuwa ni wa mtu, si wa kiti. Alipumua kwa nguvu mpaka Modesta akasimama.

"Yupo," Dorcas akasema. "Anasema. Sijui anasema nini, lakini yupo."

Modesta akakaa tena, akafunika uso kwa kanga.

Kilichobaki kilikuwa kuchambua. Akaupunguza mvumo kidogo kidogo, akiogopa asije akaondoa na sauti, anaongeza hapa, anarudisha pale. Hakula. Mayala alipokuja saa tisa alasiri kumchukua dada yake, akaleta samaki wa kukaanga kwenye gazeti, wakaachwa wapoe. Akaambiwa kwa kifupi kilichotokea. Akasimama karibu na mlango, mtu mpole mwenye kitambi. Saa tisa na nusu Dorcas akachomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika.

"Sijaipamba," alisema. "Ina kelele. Mniwie radhi."

Akabofya.

Mvumo kwanza, mzito. Viatu vya Dorcas vinakwenda, blanketi la mlango linavutwa. Kimya kirefu. Kikohozi. Halafu sauti ya Mzee Maige, imekwaruzwa na ugonjwa, imetoka mbali. Haikuwa sauti ya kuhutubia wakwe tena. Na aliacha Kiswahili, akasema Kisukuma cha nyumbani, nami nayaweka maneno yake hapa kwa namna ya kila mtu kuelewa.

"Ametoka yule mama? Ametoka. Haya. Modesta. Wale samaki wako nilikwenda kuwaona. Mwaka jana, mwezi wa nane. Mayala alinipeleka, nikamwambia akikuambia nitamfukuza nyumbani kwangu. Nilikaa kule juu kwenye mawe. Nikakuona kwenye mtumbwi unawalisha. Ulikuwa unawasemesha."

Kikohozi tena, kirefu.

"Mimi nawasemesha ng'ombe. Nikasema, huyu ni wangu kabisa. Ilinipasa nishuke. Sikushuka. Niliona aibu, mtu mzima na mvi zangu, nikarudi nyumbani. Nikangoja siku nzuri ya kukuambia, na koo nalo likaanza. Sasa kesho wananikata, na neno ni hili. Sina neno na wewe, mwanangu. Sina hata kidogo. Nenda kaolewe, nimekubariki wewe na tumbo lako na maji yale unayoyafanyia kazi. Hilo ndilo lililonileta. Yale mengine ni ya wageni."

Kimya. Kisha blanketi la mlango, na sauti ya Dorcas mwenyewe ya siku ile, imechangamka mno: "Mzee, gari liko tayari!"

Rekodi ikaisha kwa kukatika, bila kushuka popote.

Modesta alikuwa analia, lakini hakikuwa kilio cha asubuhi. Alilia kinywa wazi, bila kujificha, mabega yamelegea, kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali na mtu akamtua. Baadaye akageuka akamtazama Mayala. Mayala alikuwa akiziangalia trei za mayai ukutani kwa makini sana.

"Mwezi wa nane," Modesta akasema.

"Alisema angenifukuza, dada. Unamjua."

"Nimekaa mwaka mzima najua baba hanitaki, na wewe unaniletea salamu zake za ng'ombe na mvua?"

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alilia pale kwenye mawe. Hilo hakuliweka kwenye mashine, basi mimi nakwambia, anifukuze."

Modesta akampiga kofi la begani, halafu akamkumbatia. Dorcas aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta waya. Hakuna waya uliopotea. Moyoni mwake kulikuwa na raha ya ajabu, raha ya mtu aliyeteleza ukingoni mwa shimo akajikuta amekaa chini kwenye majani, mzima. Akala samaki wawili hapo hapo chini, wa baridi, na mifupa yake akaitafuna.

Modesta alitaka kwenda Usagara saa ile ile. Dorcas akasema atakwenda naye, kwa sababu mzee alikuwa na haki ya kumwona usoni mtu aliyemfanya aonekane mwongo. Mayala aliendesha gari taratibu kama amebeba mayai.

Mzee Maige alikuwa nje kwenye benchi lake, karibu na zizi, jua limeanza kupoa. Alikuwa amekonda, kitambaa cheupe shingoni, lakini macho yalikuwa makali. Dorcas akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua mkono kuitikia.

"Baba, mashine yangu haikukosea. Nimekosea mimi. Ulisema, nami sikuwa nimekaa kusikiliza. Nikayashusha maneno yako yasisikike, nikampelekea mwanao ya wageni tu. Leo nimeyapandisha. Naomba unisamehe."

Uso wa mzee ulionyesha mtu aliyekuwa akibishana na dunia nzima siku kadhaa, na leo dunia imekubali. Akampa mkono, akamwinua kutoka chini, akautikisa ule mkono mara mbili. Kisha akamwacha akamgeukia binti yake.

Modesta alikuwa amesimama hatua tatu nyuma. Hakujua aanzie wapi, baada ya miaka minne.

"Baba, nimesikia," akasema.

Midomo ya mzee ikacheza. Sauti haikutoka, lakini neno lilisomeka kwa yeyote aliyekuwa pale. Yote?

"Yote. Mpaka kwenye mawe."

Mzee akatazama pembeni, akakuna shavu, mtu aliyeshikwa. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na ikawachukua muda kutambua kwamba anacheka. Akajisogeza kwenye benchi, akapiga piga nafasi iliyobaki. Modesta akaenda akakaa.

Wakawa hivyo, hawana la kusema, mmoja kwa sababu hawezi na mwingine kwa sababu hajazoea. Mwishowe Modesta, kwa kukosa jingine, akaanza habari ya vizimba. Kwamba sasa viko sita. Kwamba samaki wa kizimba cha tatu wamegoma kukua. Kwamba asubuhi wakisikia mtumbwi wanapanda juu wenyewe, kabla hata hajatupa chakula. Miaka minne mzee huyu alikataza habari za samaki zisitajwe mbele yake. Modesta alipofika mahali akaona amesema sana, akanyamaza.

Mzee akamgusa goti, aendelee.